Tairi la baiskeli likichanika: namna ya kulishona na kulitia kiraka badala ya kununua jipya

Pancha ya tyubu haimsumbui mtu sana. Mitaa mingi ina fundi chini ya mti, mwenye beseni la maji, msasa na solusheni, na muda si mrefu unaondoka. Kazi ngumu ni pale tairi lenyewe linapochanika: umepita juu ya kipande cha chupa, bati limekukata ubavuni, au breki imelisugua taratibu wiki hadi wiki mpaka nyuzi zikatokeza. Hapo jibu la haraka ni "nunua jipya". Kwa anayebeba maji au mkaa kwa baiskeli, jibu hilo maana yake ni kukaa bila kazi mpaka fedha ipatikane, na mara nyingi hakuna sababu ya kufika huko.

Tairi ambalo kashata zake (meno ya mpira yanayokanyaga barabara) bado zimesimama, na ubavu umechanika sentimeta mbili tu, lina kazi nyingi lililobakiza. Linataka kushonwa na kutiwa kiraka kwa ndani, bila papara. Nitaeleza kila hatua, pamoja na mahali pa kusema hapana, kwa sababu tairi lililotengenezwa ovyo hupasuka ghafla na kumwangusha mtu mbele ya magari.

Upepo hubebwa na nyuzi

Chukua tairi kuukuu, likate, uangalie mkato wake. Kila ukingo una waya wa chuma unaozunguka tairi zima. Ndio unaolishikilia kwenye ringi. Kati ya waya na waya kuna nyuzi za nailoni (zamani zilikuwa za pamba) zilizolala mshazari, tabaka moja likielekea huku na jingine kule. Juu ya nyuzi kuna mpira, mnene kwenye kashata na mwembamba sana mbavuni.

Tyubu huzuia upepo usitoroke. Mpira wa nje hushika barabara na kuzikinga nyuzi na maji, mchanga na jua. Lakini kinachoizuia tyubu isivimbe ni nyuzi peke yake. Ukijaza upepo wa psi 50 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), kila sentimeta moja ya mraba ndani ya tairi inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 3.5. Nyuzi zikikatika na kuacha mwanya wa sentimeta 3 kwa 1, tyubu inasukumwa kutokea pale kwa nguvu ya kilo 10 hivi, na hapo bado hujapanda wala hujapakia gunia. Ndipo unapoona nundu ubavuni. Nundu ikisuguliwa na fremu au kokoto, mlio wake utausikia.

Kwa hiyo kazi nzima ni moja: kuziwezesha nyuzi zilizokatika kuvutana tena. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini jambo linalofanywa na wengi, yaani kutandika kipande cha tyubu ndani ya tairi, halidumu. Tyubu haina nyuzi. Ni mpira mtupu, unavutika. Mwanzo panaonekana pamezibwa, baada ya muda nundu imerudi palepale, na ukiongeza kipande cha pili na cha tatu unachelewesha tu. Kiraka cha tairi lazima kiwe kitu kisichovutika.

Kagua kabla ya kuamua

Toa upepo wote, toa tairi, lifute, kisha ligeuze sehemu iliyoumia uitazame kwa ndani. Nje hudanganya. Mkato wa nje unaweza kutisha kumbe umeishia kwenye mpira, na tundu dogo la nje linaweza kuwa limekata nyuzi upana wa kidole.

Kama nyuzi ni nzima, huna haja ya kushona. Chokoa kokoto na vioo vilivyonasa, osha, kausha, kisha jaza mkato kwa gundi ili maji na mchanga visiingie.

Kama nyuzi zimekatika kwa urefu usiofika sentimeta 1, kiraka cha ndani peke yake kinatosha. Kati ya sentimeta 1 na 3 ubavuni, shona kwanza kisha weka kiraka. Ikizidi 3, mimi husema tairi hilo lisirudi kwenye baiskeli ya mizigo wala ya abiria, hata kama fundi anakuhakikishia. Anayetembea nalo peke yake, polepole, karibu na nyumbani, anaweza kulitumia kwa muda akijua kwamba linahesabiwa siku.

Kuna matairi ya kukataa moja kwa moja. Waya wa ukingo ukikatika, au ukichomoza kutoka kwenye mpira, usihangaike: hakuna ushonaji utakaolizuia tairi kuruka kwenye ringi. Kashata zikiisha hadi nyuzi zikaonekana mzunguko mzima, unatengeneza sehemu moja wakati kila sehemu imekwisha. Pia jaribu uimara wa nyuzi: kwaruza kwa ukucha pembeni ya mkato. Nyuzi nzima hukataa kukatika. Zilizooza hutoka vipande vipande, na hapo sindano haitakuwa na cha kushika. Mipasuko midogo midogo ya juujuu iliyoletwa na jua si tatizo kubwa ikiwa haijafika kwenye nyuzi.

Ipo sababu nyingine ya kulipigania tairi ulilo nalo, hasa mbali na mjini. Matairi yanayoitwa "28" si ya kipimo kimoja. Baiskeli kubwa nyeusi za Phoenix na Avon huvaa 28 × 1½, ambalo ubavuni huandikwa pia 40-635. Lipo jingine la 28 lenye mwisho wa 622. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha sehemu ya ringi ambapo tairi hukaa, na tofauti ya milimita 13 haifichiki: moja halivai ringi ya mwenzake. Kama duka la kijijini lina 622 tu na ringi yako ni 635, kiraka ndicho kitakachokufikisha mjini.

Tafuta kilichokata

Usiguse sindano kabla hujajua kwa nini tairi liliumia, la sivyo utashona leo na kushona tena mwezi ujao. Mkato mmoja wenye kingo safi ni wa chupa au bati. Mstari uliolika kuzunguka ubavu mzima ni wa kitu kinachosugua.

Mara nyingi kitu hicho ni raba za breki. Kwenye baiskeli ambazo breki zake hubana ringi kutoka pembeni, raba ikipanda milimita chache tu inalamba tairi kila unaposimama. Zile za vyuma virefu, kama za Phoenix, hubana ringi kutoka upande wa spoki, kwa hiyo haziligusi tairi. Ukiona ubavu umelika kwenye baiskeli hizo, tazama kwingine. Tazama dainamo ya taa inayozungushwa na ubavu wa tairi. Tazama kama gurudumu limepinda na kugusa fremu. Na kama ubavu umevunjika vunjika pande zote mbili karibu na ringi, basi baiskeli ilikuwa ikitembea na upepo kidogo huku imebeba mzigo mzito: nyuzi zilikuwa zinakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko mpaka zikachoka.

Vifaa

Utahitaji liva mbili za kutolea tairi, au mikia ya vijiko vigumu isiyo na makali. Kisu chenye makali hasa. Msasa. Gundi ya pancha ambayo haijaanza kukauka kwenye kopo. Sindano ya fundi viatu, ile yenye ndoano nchani, na uzi wa nailoni wa kushonea viatu. Mshipi wa kuvulia samaki unafaa ukiwa wa kusokotwa. Ule wa uzi mmoja unaong'aa hukata mpira taratibu na fundo lake huteleza. Mwisho ni nyenzo ya kiraka, ambayo nitaieleza kwa kirefu.

Kama huna sindano wala mkono wa kushona, mpelekee tairi fundi viatu badala ya fundi baiskeli. Mshono wa ngozi nene ni kazi yake ya kila siku. Mwoneshe vipimo nilivyoandika hapa chini, kisha kiraka ukiweke mwenyewe.

Kulitoa na kulisafisha

Kwa pancha ya kawaida mafundi wengi hufungua upande mmoja bila kutoa gurudumu. Kwa kazi hii toa tairi zima. Upepo ukishatoka, bana tairi kwa mikono kuzunguka gurudumu ili ukingo uachane na ringi na kutumbukia katikati, kwenye shimo la ringi. Hapo waya unapata nafasi na liva hazihitaji nguvu. Anza upande ulio mbali na valvu. Ukilazimisha liva ukingo ukiwa bado umekaa juu, utapinda waya au utaikata tyubu.

Kabla hujaitoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipo. Ukipata tundu kwenye tyubu utajua upande gani wa tairi wa kutafuta kilichochoma. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi lote: mahali inaponasa pana mwiba, waya au kioo. Kwenye maeneo yenye mbigili, kama Shinyanga na Tabora, hatua hii usiiruke. Mwiba uliovunjikia ndani hauonekani kwa macho, na unaweza kuiua tyubu mpya siku ileile.

Osha sehemu iliyochanika kwa maji na sabuni, ndani na nje, kisha acha ikauke kabisa kivulini, ikiwezekana hadi kesho yake. Nyuzi hunyonya maji na gundi haikubali unyevu. Usioshe kwa mafuta ya taa wala dizeli; mafuta huvimbisha mpira na kuacha utelezi ambao msasa hauumalizi.

Kushona

Mkato ukiwa katikati ya kashata, usishone. Barabara itaula uzi kwa siku chache. Hapo tegemea kiraka kikubwa cha ndani. Kushona ni kwa ajili ya ubavu.

Toboa matundu kwanza, yote, kabla ya kupitisha uzi. Yakae kama milimita 5 kutoka ukingo wa mkato, kila upande, na kati ya tundu na tundu uache milimita 5 pia. Usiyapange yote kwenye mstari ulionyooka kabisa: moja liwe milimita 4 kutoka kwenye mkato, linalofuata 6, hivyo hivyo hadi mwisho. Yakifuatana kwenye mstari mmoja, mzigo wote unaangukia nyuzi zilezile na mshono unaweza kung'oka wote. Anza milimita 5 kabla ya mkato na umalize milimita 5 baada yake, kwa sababu mchaniko huendelea kutokea kwenye ncha zake.

Pitisha uzi kwa misalaba, huku na huku. Vuta mpaka kingo mbili zikutane, basi. Wengi huvuta kupita kiasi wakidhani wanaimarisha. Ukingo mmoja unapanda juu ya mwenzake, ubavu unafupika, na gurudumu linapozunguka tairi linacheza pembeni. Ukilitandaza juu ya goti na kuona sehemu iliyoshonwa imejikunja, legeza.

Fundo likae nje ya tairi. Ndani litaisugua tyubu. Ncha za uzi ziunguze kidogo kwa kiberiti ili zisifumuke, kisha paka gundi juu ya mshono mzima, nje, tabaka nyembamba mbili.

Mshono huu hauzuii upepo peke yake. Kazi yake ni kuzishika kingo zisiachane. Mzigo mkubwa unabebwa na kiraka.

Kiraka

Nyenzo bora ni tairi jingine lililokufa, jembamba, lenye nyuzi za nailoni zilizo nzima. Si lazima liwe la kipimo kile kile. Kata kipande kutoka ubavuni, au kutoka katikati kama kashata zimelika zikabaki laini. Toa waya wa ukingo wote. Kashata zilizobaki zichonge; lowesha kisu kwa maji ya sabuni, utaona mpira unakatika bila kung'ang'ania.

Ukikosa tairi, kipande cha mkanda wa usalama wa gari ni kizuri sana: chembamba, kigumu, hakivutiki. Turubai zito la lori linafaa likikunjwa mara mbili. Kipande cha chupa ya plastiki kisitumike, kwani kingo zake hukata tyubu.

Kiraka kivuke mkato kwa sentimeta 2.5 kila upande. Kwa mkato wa ubavuni, hasa ulio karibu na ringi, ninapendelea utepe mrefu unaotoka ukingo mmoja wa tairi, ukapita chini ya kashata, hadi ukingo wa pili. Kiraka kifupi kinashikwa na gundi tu. Utepe wa ukingo hadi ukingo unabanwa na tyubu kwa eneo kubwa zaidi, na nguvu ileile ya upepo iliyokuwa inasukuma nundu sasa inakikandamiza kiraka mahali pake.

Zungusha pembe kwa mkasi, zisibaki na ncha. Kisha nyembesha kingo zote kwa kisu na msasa mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi. Kazi hii inachosha na ndiyo inayoachwa na wenye haraka, lakini kingo nene huikata tyubu kwa ndani, na baada ya muda unapata pancha zisizoeleweka, zote mahali pamoja.

Sasa gundi. Kwaruza ndani ya tairi kwa msasa kwa wepesi, uondoe uchafu na mng'ao bila kukata nyuzi. Kwaruza na uso wa kiraka utakaogusana na tairi. Futa vumbi. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isinate. Gundi mbichi haishiki, na watu hulaumu gundi wakati kosa ni kukosa subira. Tabaka la kwanza likinyonywa na nyuzi, rudia la pili. Kisha bandika kuanzia katikati ukielekea pembeni, tairi likiwa limejikunja kwa umbo lake la kawaida, lisilotandazwa. Kiraka kilichobandikwa tairi likiwa bapa hujikunja mara linaporudi kwenye ringi.

Gongagonga kwa nyundo ndogo juu ya mti wa mviringo, au sugua kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu. Liache usiku mzima. Asubuhi nyunyiza poda ya mtoto au vumbi la chaki ili tyubu isigandane na gundi iliyobaki.

Kulirudisha na kulijaribu

Jaza tyubu upepo kidogo, ipate umbo tu, uiweke ndani ya tairi bila mkunjo. Anza kuingiza ukingo upande wa pili wa valvu na umalizie kwenye valvu, kwa mikono. Sukuma valvu juu kidogo, kisha ivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo.

Jaza nusu ya upepo. Zungusha gurudumu ukitazama ule mstari mwembamba ulio karibu na ringi: uwe na umbali sawa kila mahali, pande zote mbili. Palipozama au kupanda, toa upepo, rekebisha. Kisha jaza polepole, ukisimama mara kwa mara kukagua mshono. Usisogeze uso. Kikomo cha upepo kimeandikwa ubavuni. Kwa tairi lililoshonwa, baki chini yake kidogo, lakini usishuke hadi tairi likalala, maana ubavu unaokunjwa kila mzunguko utafumua mshono haraka kuliko upepo mwingi.

Liache hivyo saa kadhaa. Nundu ikitokea, hata ndogo kama punje ya mahindi, toa upepo urudie kiraka. Nundu hairudi ndani yenyewe. Kama pametulia, endesha bila mzigo kuzunguka mtaa, kagua, kisha ongeza mzigo siku zinazofuata.

Gurudumu lipi?

Tairi la mbele likipasuka usukani unakuponyoka. La nyuma likipasuka baiskeli inayumba, ila kwa kawaida unaweza kusimama. Kwa hiyo tairi lililoshonwa liende nyuma, na lililo zima liende mbele, hata kama lililochanika ndilo lililokuwa mbele.

Ugumu unakuja kwa wenye mizigo, kwani karibu uzito wote wa gunia hukaa nyuma. Msimamo wangu ni huu: mkato ulioshonwa usibebe abiria. Abiria hajui kilichomo ndani ya tairi na hana usukani wa kujiokoa. Kwa mzigo, punguza hadi nusu ya uliozoea, na weka akiba ya tairi jingine.

Ukiwa njiani

Porini hakuna sindano wala saa za kusubiri gundi. Tandika ndani ya tairi kitu chembamba kisichovutika: mrija wa dawa ya meno uliopasuliwa na kufutwa, kipande cha turubai, hata noti iliyokunjwa mara kadhaa. Jaza upepo kiasi, endesha polepole, ukifika fanya kazi kamili.

Wengine hufunga utepe wa tyubu kuzunguka tairi na ringi kwa nje, mahali palipochanika. Utepe huo husaidia kuzuia nundu, lakini breki zinazobana ringi zitagonga pale kila mzunguko, na gurudumu hilo halitakuwa na breki. Kwenye mteremko shuka, kokota.

Baada ya hapo kagua mshono kila Jumapili au siku yako ya mapumziko: uzi uliolika, ukingo wa kiraka uliobanduka, nundu. Uzi ukilika lakini kiraka kimeshika, shona upya juu ya matundu yaleyale. Kiraka kikihama, kibandue chote, usiweke kingine juu yake. Na tairi linapofika mwisho wake kweli, kata mbavu zake zilizo nzima, toa waya, uzihifadhi kivulini. Ndizo viraka vya tairi linalofuata.